Kabla hujanunua mashine kubwa, cheki propela ya pontuni yako kwanza

Wadau wa boti habari zenu. Pontuni yangu kwenda taratibu kulinitesa karibia mwaka mzima na sa hivi naulizwa sana na wenzangu hapa Dar, pale Msasani na Kunduchi, swali lenyewe ni moja tu, kaka mbona pontuni yako siku hizi inakimbia, umefunga mashine gani? Mashine ni ileile. Yamaha HP 115 ya stroki nne niliyoanza nayo. Nilichobadilisha ni propela, na mashimo ya bolti za kufungia mashine, na vitu vingine vidogo ambavyo ntavieleza humu, na vyote kwa pamoja vilinigharimu pesa ndogo sana ukilinganisha na HP 150 niliyokua nimeshaanza kuitafutia mkopo.

Boti yangu ni pontuni ya futi 24, mabomba mawili ya alumini na jukwaa juu, inabeba wageni kumi na wawili na sisi wawili wa kazi. Tunapeleka watu visiwa vya Bongoyo na Mbudya. Wageni wanaipenda kwa sababu iko wazi, watoto wanakaa vizuri, mama mtu mzima anapanda bila kuruka. Ila ilikua inatambaa. Tukitoka Mbudya saa kumi jioni boti za faiba zenye mashine ndogo kuliko yangu zilikua zinatupita na wageni wanaanza kuniuliza kama kuna tatizo, na ukweli mimi mwenyewe nilikua sijui kama kuna tatizo au boti ndo ilivyo.

Ukumbuke hizi boti asili yake sio bahari. Zilianzia Marekani huko Minnesota mwanzoni mwa miaka ya 1950, bwana mmoja anaitwa Ambrose Weeres alifunga jukwaa la mbao juu ya mapipa ya chuma aone kama familia inaweza kukaa ziwani kwa utulivu. Ziwani, na kwa utulivu. Kwaiyo usitegemee ipande juu ya maji kama faiba, yenyewe inayapasua tu maji kwa mabomba yake mawili, na ndo maana propela iliyokaa vizuri kwenye boti ya faiba inaweza ikawa mbaya kabisa kwenye pontuni hata kama mashine ni moja. Mimi hilo ndo sikulijua, maana mashine niliitoa kwenye boti ya faiba na nikaifunga na propela yake ileile.

Fundi wa kwanza niliyemwita aliisikiliza tu akasema mashine ndogo, tafuta 150. Hakupima chochote. Wa pili, mzee mmoja ambaye amekaa na mashine za boti tangu enzi za Enduro, zile Yamaha za stroki mbili, aliniuliza swali ambalo sikua na jibu lake: ukisukuma leva ya mafuta mpaka mwisho na boti imejaa, mita ya raundi (mizunguko ya mashine kwa dakika) inasoma ngapi? Mita yangu ilikua mbovu na nlikua sijawahi kujali. Akaniambia mwanangu, bila mita wewe unanunua dawa bila kupima. Tukafunga mita mpya, tukapakia watu kama kawaida, tukaenda nje kidogo ya ghuba ya Msasani, leva mpaka mwisho. Raundi 4700. Kitabu cha mashine yangu kinataka kati ya 5000 na 6000.

Hapo ndo shida yote ilipokua. Mashine inatakiwa ifike kwenye raundi zake ndo itoe nguvu zake zote, sasa kama propela ni nzito kwake inabaki chini, ni kama baiskeli umeweka gia ngumu halafu unapanda kilima na mzigo nyuma, unasukuma mpaka miguu inatetemeka na huendi popote. Na sio mwendo tu, mashine inayolazimishwa hivyo kila siku inapata joto, inajaza kaboni ndani, na inakufa mapema. Kwaiyo HP 115 niliyoilipia mimi nilikua siipati, napata pungufu, halafu nataka kwenda kununua nyingine.

Twende kwenye propela yenyewe. Ukiigeuza utakuta imeandikwa namba mbili, yangu ilikua 13¼ kwa 17. Ya kwanza ni upana wake kwa inchi, ya pili ndo inaitwa pichi, yaani ikizunguka mara moja kwenye kitu kigumu kama skrubu kwenye mbao ingesogea inchi ngapi. Kwa hiyo 17 ni kama sentimita 43. Sasa fanya hesabu na mimi, mashine yangu inazunguka mara 2.15 ndo propela inazunguka mara moja, kwaiyo kwenye raundi 4700 propela ilikua inazunguka kama mara 2186 kwa dakika, zidisha na hizo sentimita 43 unapata karibu kilomita 57 kwa saa. GPS ya simu ilikua inasoma 33! Tofauti yote hiyo ni propela kuteleza kwenye maji. Kuteleza kidogo ni kawaida, maji sio mbao, na pontuni inateleza zaidi ya boti zingine, ukipata asilimia 20 hivi na mzigo uko vizuri. Mimi nilikua juu ya 40.

Kanuni aliyonipa mzee, na nimeihakikisha mwenyewe, ni kwamba ukishusha pichi inchi moja raundi zinapanda kama 200 hivi. Tukashuka kutoka 17 hadi 13, ile ya 13⅝ kwa 13. Watu wengi hapa wanaogopa maana wanajua pichi kubwa ndo mwendo, na ni kweli kama mashine ina uwezo wa kuizungusha. Yangu ilikua haina. Siku tumefunga ya 13, watu walewale, mafuta kiasi kilekile, raundi zikapanda mpaka 5500 na boti ikaenda 38. Nilikaa kimya kabisa nikaangalia ile simu. Angalieni tu msishuke kupita kiasi, ukishusha sana mashine inapitiliza raundi zake na yenyewe inaanza kujikata, hapo umeharibu upande wa pili. Lenga karibu na juu ya kile kiwango cha kitabu, ukiwa na mzigo wako wa kila siku, sio ukiwa peke yako na kijana wako.

Baada ya hapo urefu wa mashine. Juu ya propela kuna ile sahani bapa, mafundi wanaiita sahani ya kevitesheni. Boti ikiwa inakimbia, mwambie mtu aliye nyuma (ashike vizuri) aitazame, inatakiwa iwe usawa wa maji, inaonekana onekana. Yangu ilikua imezama sentimita sita chini, maana yake nilikua naburuza kipande kikubwa cha chuma kwenye maji bila sababu. Mashimo ya bolti yamepishana kama sentimita mbili, tukapandisha mashimo mawili. Ikaenda vizuri moja kwa moja, ila kwenye kukata kona mashine ikalia ghafla, raundi juu, boti haisogei. Hiyo ni propela imevuta hewa. Tukashusha shimo moja, ikatulia. Kwaiyo kwangu ni shimo moja tu, kwako inaweza kua mawili au hamna kabisa, lazima ujaribu. Na kila ukipandisha angalia mashine inakojoa vizuri, kama yale maji yanayotoka pembeni yamekua membamba au yanakatika rudisha chini haraka maana inavuta hewa kwenye kupoza na utaiunguza.

Jaribu kitu kimoja kwa wakati mmoja jamani. Ukibadili propela na urefu na mzigo siku moja huwezi kujua kipi kimesaidia. Mimi nilikua na daftari, naandika tarehe, watu wangapi, shimo la ngapi, raundi, mwendo wa kwenda na mwendo wa kurudi, kisha natafuta wastani, kwa sababu maji ya kupwa na kujaa yanakusukuma na upepo pia, ukipima upande mmoja tu unajidanganya.

Uchafu wa chini. Hili ndo lilinipa kilomita za mwisho. Boti ikikaa majini hapa kwetu wiki chache tu mabomba yanaota majani na vile vigamba vigumu, tuliipandisha mchangani tukasugua siku nzima. Tukakuta pia bomba la kushoto lina maji ndani, mshono umepasuka ufa mwembamba kama nywele tu, tukatoa ndoo na ndoo. Lita moja ya maji ya bahari ni zaidi ya kilo moja, hesabu mwenyewe nilikua nabeba abiria wangapi wa bure. Tukaziba, na baada ya hapo nilipata raundi 5700 na kilomita 41. Ukifanya ile hesabu ya mwanzo utaona sasa inateleza kama asilimia 22 tu. Tahadhari moja, ukipaka rangi ya chini kwenye alumini hakikisha sio yenye shaba ndani, shaba na alumini kwenye maji ya chumvi ni maadui, inakula bomba. Na zile zinki, vipande vinavyofungwa kwenye mashine na boti viliwe na chumvi badala ya alumini, zikiliwa nusu badilisha, usipake rangi juu yake.

Wageni pia wapange. Wote wakikimbilia mbele kupiga picha pua inazama, mwendo unapungua na kwenye wimbi ni hatari kabisa. Mimi nawakalisha katikati, makasha ya barafu nyuma kidogo, halafu napandisha trimu (ule mlalo wa mashine) taratibu mpaka nasikia mashine imekua nyepesi. Lakini msije mkapunguza uzito kwa kuacha maboya ya kuokolea au nanga pwani, na idadi ya abiria iliyoandikwa kwenye cheti chako cha TASAC, wale wanaokagua vyombo vya majini, ni hiyohiyo hata kama boti sasa inakimbia. Miezi ya Kusi mimi natoka asubuhi mapema na narudi kabla upepo wa mchana haujakolea, mwendo nilioupata ni wa maji yaliyotulia, kwenye wimbi fupi napunguza mafuta kama mtu mwingine yeyote.

Wanaoniuliza kuhusu propela ya mapanga manne, nimeijaribu ya kuazima. Inashika maji vizuri, kwenye kona haivuti hewa, ikiwa umejaza inaondoka kwa nguvu, ila raundi zilishuka kama 100 na mwendo wa mwisho ukapungua kidogo. Kama wewe unajaza kila safari ichukue. Propela ya stilesi (chuma kisichoshika kutu) ni nzuri kwa mwendo kwa sababu haipindi, lakini kwa maji yetu mimi nimebaki na alumini. Siku za bamvu, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanapwa zaidi ya mita tatu, sehemu uliyopita asubuhi jioni ni mwamba, na ukigonga mwamba alumini inapinda yenyewe, stilesi inapeleka kishindo chote kwenye gia. Gia ni pesa nyingine kabisa.

Kila mwezi toa propela. Kuna siku nilikuta mshipi wa wavuvi umejizungusha nyuma yake kwenye shafti, haukuonekana kwa nje, ulikua umeshakata sili na oili ya gia imekua kama chai ya maziwa. Ukiona rangi hiyo usitoke tena baharini mpaka sili ibadilishwe.

Ile propela ya 17 sijaiuza, iko chini ya kiti cha nahodha na spana yake, pini mbili mpya, na kipande cha mti cha kuzuia panga lisizunguke wakati wa kufungua. Ikitokea ya 13 imegonga Mbudya, hiyo nzito itaturudisha Kunduchi taratibu.