Kabati limejaa, cha kuvaa hakuna

Dada uliyesema nguo zimejaa ila kila asubuhi huna cha kuvaa, usikimbilie soko la mitumba la Memorial kwanza. Zimwage zote kitandani, ujiulize kila moja uliivaa lini mara ya mwisho. Mimi nilikuta blauzi sita za mtumba, nzuri zote, hakuna hata moja inayoendana na sketi zangu! Ninazozivaa kweli ni magauni ya kitenge yaliyobana kiunoni na sweta la kijivu, maana baridi ya Moshi mwezi wa saba si mchezo. Siku hizi nikienda sokoni nina rangi tatu tu kichwani. Na gauni linalokubana usiligawe bado. Ligeuze, angalia mshono wa pembeni. Kama kitambaa kimeachwa ndani, fundi atalipanua.