Kwa mwalimu mpya wa Kiingereza: chagua mchezo usiochezeka bila kusema

Mwalimu mwenzangu uliyepangiwa shule ya msingi mkoani Kigoma na kukabidhiwa somo la Kiingereza, asubuhi ya kwanza darasa zima litasimama na kukusalimu kwa sauti moja, kwa mahadhi yaliyonyooka kiasi kwamba utadhani kazi imekwisha kufanywa na waliokutangulia. Usidanganyike. Katika wiki yangu ya kwanza nilimwuliza mtoto wa dawati la mbele, "Where is your book?" naye akanijibu kwa uchangamfu mkubwa, "Fine, thank you, teacher." Hakuwa mvivu wala mzito wa kuelewa. Alikuwa amezoea Kiingereza kama kiitikio, na hakuna aliyewahi kumwuliza kwa lugha hiyo jambo ambalo jibu lake hakulijua tangu mwanzo.

Michezo ndiyo iliyonisaidia kuvunja mazoea hayo, ingawa mchezo wangu wa kwanza ulikuwa hasara tupu. Nilikuwa nimeandaa kadi za picha kwa siku mbili, nyingine zikionesha matunda na magari ambayo watoto wale hawajapata kuyaona, na katika kipindi cha dakika 40 nikatumia zaidi ya nusu kueleza kanuni za mchezo wenyewe, tena kwa Kiswahili. Ulipoanza, watoto wakagombea kadi kwa Kiswahili, wakashangilia kwa Kiswahili, wakatuhumiana wizi kwa Kiha, na kengele ikalia kabla hata mmoja wao hajatamka sentensi moja ya Kiingereza. Mwalimu wa darasa la jirani alipita dirishani akanitazama kwa huruma, nami nilistahili.

Tangu siku hiyo, kabla sijauingiza mchezo wowote katika andalio la somo, ninajiuliza maswali mawili. La kwanza ni kama mtoto anaweza kushinda bila kusema Kiingereza. Akiweza, huo utakuwa mchezo mzuri wa mapumziko, na nitauacha uwanjani. La pili ni kama watoto wanaujua tayari, kwa sababu mchezo wanaoucheza nyumbani hauhitaji maelezo, na dakika zote zinabaki kwa lugha.

Chukua mchezo wa nyama, ambao watoto huucheza karibu kila mtaa: kiongozi anaita "Nyama, nyama, nyama!", wenzake wanaitikia "Nyama!", kisha anataja mnyama, na anayeruka juu kwa mnyama asiyeliwa ameshindwa. Mwanasaikolojia wa Marekani, James Asher, alieleza katika miaka ya 1960 mbinu ya kufundisha lugha kwa kumfanya mwanafunzi aitikie kwa mwili kile anachosikia, na nilipoisoma chuoni niliona kwamba watoto wetu walikuwa wanaifanya tayari bila kuipa jina. Ninachobadilisha ni kidogo. Kiongozi anasema "Goat!" na darasa linaruka likisema sentensi kamili, "We eat goat!", akisema "Lion!" au "Chair!", wote wanatulia. Dagaa na migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, niliwaacha na majina yao, kwa kuwa mtoto wa Kibirizi anayesema "We eat dagaa" amekwisha kujenga sentensi niliyoitaka. Nguruwe nilimwondoa baada ya kipindi kimoja kugeuka mjadala wa dini, nami nakushauri umwondoe kabla.

Kuna kanuni moja ya uwanjani ambayo lazima uivunje, nayo ni ya kumtoa aliyekosea. Anayekosea mapema ndiye anayehitaji zaidi kusikia na kusema, na ukimtoa atakaa pembeni dakika zote zilizobaki akiwatazama wale ambao wangejua hata bila wewe. Kwangu, anayekosea huwa kiongozi wa duru inayofuata, kwa hiyo analazimika kutafuta maneno yake mwenyewe na kuyatamka mbele ya wenzake.

Mchezo ninaoupenda kuliko yote, hata hivyo, ni vitendawili, na sababu haimo katika swali bali katika adhabu. Kitendawili chepesi kama kile cha nyumba isiyo na mlango kinaingia katika Kiingereza bila taabu: "My house has no door." Wakishindwa kutaja yai, mtegaji anadai mji kama ilivyo desturi, nao wanampa: "We give you Uvinza." Akishaupokea, hana budi kusimulia safari yake kabla ya kufichua jibu: "I went to Uvinza. I ate rice. I drank milk. I slept. The answer is an egg." Tazama kilichotokea hapo. Vitenzi vinavyobadilika umbo katika wakati uliopita, ambavyo kwa orodha ya ubaoni hukaririwa na kusahaulika ndani ya juma moja, vimepangwa vyote katika hadithi fupi ambayo mtoto anatamani kuisimulia, kwa sababu aliyepewa mji ndiye bwana wa darasa kwa dakika hiyo.

Katika Darasa la Tano nililofundisha Ujiji alikuwapo binti wa dawati la nyuma ambaye kwa muhula mzima sikuwahi kusikia sauti yake. Alitega, wakashindwa, wakampa Uvinza. Akatikisa kichwa na kusema, "No. Give me Mwanza." Walipompa akaendelea, "I goed to Mwanza, I eated fish," na wenzake wakacheka. Sikumkatiza. Nilimwuliza tu, kama mtu anayetaka kujua, "You went to Mwanza? You ate fish? Big fish?" naye akajibu, "I ate big fish." Kosa likisahihishwa ndani ya mazungumzo namna hiyo, mtoto hupokea umbo sahihi bila kunyang'anywa mji wake. Makosa yanayojirudia kwa wengi, kama kuchanganya "he" na "she" kwa sababu sisi tuna "yeye" mmoja tu, ninayaandika daftarini mwangu na kuyafanyia kazi ubaoni siku inayofuata.

Somo la saa nalo lina mtego wake, kwa kuwa siku yetu inaanza kuhesabiwa asubuhi na ya Waingereza usiku wa manane, na tofauti hiyo ya saa 6 huwachanganya hata watu wazima. Watoe watoto 12 nje, chini ya mwembe, wasimame katika duara kama namba za saa ya ukutani. Mmoja wa wenzao anaita "Saa tatu!" na mtoto aliyesimama kwenye tatu ananyoosha mkono kumwelekeza anayemkabili ng'ambo ya duara, ambaye ndiye mwenye jibu: "It is nine o'clock!" Kila saa ya Kiswahili inatazamana na saa yake ya Kiingereza, na watoto wakishaliona hilo kwa macho hawalisahau. Baada ya hapo waulizane mambo ya nyumbani kwao. Mtoto ambaye baba yake huingia ziwani na taa jioni kuvua dagaa ana jibu la kweli kwa swali "What time does your father go to the lake?", na mbalamwezi ikiwa kubwa atakuambia kwamba baba hakwenda, jambo litakalokupa sentensi ya kukanusha bila kuitafuta.

Darasa likiwa na watoto 80 au zaidi, usijaribu kuwachezesha wote pamoja isipokuwa katika mchezo wa nyama. Gawanya kwa madawati, weka kiongozi katika kila kundi, nawe zunguka ukisikiliza. Kundi ulilosimama karibu nalo litasema Kiingereza, na la mbali litarudi kwenye Kiswahili mpaka ufike. Zana hazihitaji fedha: visoda, vipande vya maboksi na chaki vinatosha. Kelele zitakuwapo. Mwarifu mapema mwalimu mkuu pamoja na mwalimu wa darasa la jirani, na mchezo wa saa uweke katika kipindi ambacho kivuli cha mwembe bado kipo upande wa darasa lako.