Mayai yamepungua tangu Juni: je, niwashe taa bandani?

SWALI: Nafuga kuku wa mayai 150 hapa Newala, mkoani Mtwara. Wana umri wa wiki 40. Tangu baridi ianze mwezi wa Juni mayai yamepungua. Nasikia Ulaya huwasha taa bandani wakati wa baridi ili kuku waendelee kutaga. Nami nifanye hivyo?

JIBU: Taa itakusaidia, lakini sidhani kama giza ndilo lililokuangushia mayai.

Huko Ulaya kinachosimamisha utagaji hasa ni ufupi wa mchana, kuliko baridi yenyewe. Mwanga hupenya fuvu la kuku ukafika kwenye ubongo, hata kwa kuku kipofu, na ubongo ukatoa homoni zinazokomaza viini vya mayai. London mwezi Desemba mchana haufiki masaa 8, wakati kuku anataga vizuri akipata mwanga wa masaa 14 hadi 16. Kwetu kusini mchana wa Juni una masaa 11 na nusu hivi, na wa Desemba masaa 12 na dakika 40. Tofauti ya saa moja na kidogo haiangushi mayai ghafla.

Kwa hiyo anza na chakula na maji. Juni watu wengi huko wako shambani wanapulizia mikorosho, na kuku huweza kukaa hadi saa nne asubuhi bila maji. Kuku anayetaga anahitaji gramu 110 hadi 120 za chakula kila siku, chenye protini ya asilimia 16 au 17 na chokaa ya kutosha. Ukichanganya mwenyewe, usijaze pumba kwa kupunguza mashudu na dagaa. Kagua pia minyoo, utitiri, na kama kuku wananyonyoka manyoya. Wakikohoa au mayai yakitoka na maganda laini, mwite afisa mifugo kabla hujanunua balbu.

Hayo yakiwa sawa, washa taa alfajiri, jioni waache walale na jua. Wiki ya kwanza washa saa 12 asubuhi, kisha kila wiki rudisha nyuma nusu saa mpaka ufike saa 10 alfajiri. Hapo watapata masaa 14, na chakula na maji viwe tayari taa inapowaka. Balbu ya mwanga wa njano inafaa. Ukiweza kusoma gazeti kwenye usawa wa vihori, inatosha. Mwanga mkali huwafanya wadonoane.

Nakusihi sana usiwashe leo ukaacha kesho. Kuku akipunguziwa mwanga ghafla hupunguza kutaga, na wengine hunyonyoka. Kama umeme wa kwako hukatika mara kwa mara, tumia sola yenye betri na swichi ya kujiwasha. Usiwaachie taa usiku kucha, wanahitaji giza wapumzike.

Ukiwa na mitetea chini ya wiki 16, iweke banda lisilo na taa hiyo. Mwanga wa ziada huikomaza kabla ya wakati, ikataga vijiyai vidogo na mingine kutokwa na kizazi.