Kiboko yao, si kiboko chao

Mwanangu,

Umeniuliza kwa nini mwenzako wa kazini anayejifunza Kiswahili alinuna ulipomwambia, "Wewe ni kiboko." Alifungua kamusi, akakuta mnyama mnene wa majini na chombo cha kuchapia watu, akaona katukanwa mara mbili. Mpe pole. Ulikuwa unamsifu.

Mwambie asikilize upatanisho. Kiboko amelala mtoni: mnyama. Kiboko kimekatika: hicho ni cha kuchapia, na kilipata jina kwa kuwa kilitengenezwa kwa ngozi ya yule wa kwanza. Cha tatu ndicho chako. Tunasema "kiboko yao", hatusemi "kiboko chao". Hiyo "yao" ni ileile ya "rafiki yao". Fimbo imekuwa mtu. Hata dawa huwa kiboko ya kikohozi, ingawa nyingine ni maneno matupu ya muuzaji.

Mjeledi haukupata bahati hiyo. Ni jamaa wa jalada la kitabu, kwa sababu yote mawili yametoka kwenye neno la Kiarabu la ngozi, lakini hakuna anayesifiwa kwa kuitwa mjeledi.

Vitenzi ndivyo vinavyonifurahisha. Anayecharaza bakora, anayecharaza gitaa na anayecharaza Kiarabu mfululizo bila kukwama wote wana kitu kimoja: mkono au ulimi uendao mbio bila kusita. Kutandika ni kwa kitanda, kwa punda na kwa mgongo wa mtu; timu nayo hutandikwa mabao matatu. Mchapakazi hamchapi yeyote. Mkwaju ni mti, ni fimbo, na ukifika uwanjani ni penalti.

Nadhani tunasifu hivi kwa sababu tukiwa tunazungumza husimama upande wa aliyeshika fimbo. Anayechapwa tunamlisha tu: kala bakora, kalamba viboko. Tunacheka, tunapita. Mimi nilizila, na wakati huo sikuona cha kuchekesha.

Lipo neno moja lililobaki upande wa mgongo. Enzi za Wajerumani huku Tanganyika, adhabu ya viboko 25 iliitwa "hamsa ishirini". Ukitazama, ni hesabu tu, tano na ishirini, wala hakuna fimbo ndani yake. Lakini aliyelala kifudifudi alikuwa akihesabu, na jina likabaki la hesabu. Kiboko kilekile kilichokuwa kikishuka siku hizo ndicho leo tunampa mtu aliyefaulu mtihani. Hamsa ishirini sijasikia akipewa mtu kama sifa.

Basi mwite tena kiboko huyo mwenzako, ila safari hii uwe unatabasamu. Akikujibu "asante, nawe ni mjeledi", msahihishe taratibu.

Mamako