Ligi huru za hoki ya barafu: kijana akienda, nani anamsimamia?

SWALI: Habari za kazi. Tunaishi Maine, Marekani. Mtoto wetu Baraka ana miaka 17. Alianza kuteleza barafuni tulipofika hapa akiwa darasa la pili, na sasa ni beki wa timu ya shule. Timu moja ya vijana kutoka jimbo jingine imemwita kwa msimu ujao. Ada ni dola 9,500, na chakula na malazi kwa familia mwenyeji ni juu yetu. Kwenye karatasi zao nimeona kwamba ligi yao ni huru, haiko chini ya USA Hockey. Shemeji yangu aliyeko Ontario anasema Baraka akicheza huko atafungiwa. Je, ligi hiyo ni halali? Na njia ya kwenda chuo haitazibwa? Baba Baraka.

JIBU: Salamu, Baba Baraka, na hongereni nyumbani. Mtoto kuanza kuteleza akiwa darasa la pili na kufikia kuitwa na timu si jambo dogo.

Ligi hiyo ni halali. Sheria ya michezo ya Marekani ya mwaka 1978 inaipa kamati ya Olimpiki ya nchi hiyo mamlaka ya kutambua chama kimoja cha taifa kwa kila mchezo, na kwa hoki ya barafu chama hicho ni USA Hockey. Ndicho kinachounda timu za taifa na ndicho mwanachama wa shirikisho la dunia, IIHF. Lakini sheria haimzuii mtu mwingine kukodi uwanja wa barafu, kukusanya timu na kuanzisha ligi yake. Mwishoni mwa 2016 USA Hockey ilikataa ombi la USPHL, kampuni ya ligi kadhaa za vijana, la kupandishwa hadi daraja la pili la vijana. Mwaka uliofuata USPHL ikaziondoa ligi zake za vijana kwenye chama, ikaanzisha NCDC, ligi yake mpya ya juu, na kuendelea kivyake. Vijana wengi tu wamepitia humo wakaenda vyuoni.

Shemeji yako naye hakukosea, ila anazungumzia Kanada. Kule Hockey Canada, chama cha hoki cha taifa, ina sheria ya Septemba 30: mchezaji anayeendelea kucheza katika ligi isiyotambuliwa baada ya tarehe hiyo hawezi kurudi kwenye ligi za chama mpaka msimu uishe. Sheria hiyo ilizungumzwa sana mwaka 2023, BCHL, ligi ya vijana ya mkoa wa British Columbia, ilipojitoa Hockey Canada. Ligi hiyo ililalamika, pamoja na mambo mengine, kwamba vijana wa miaka 16 na 17 hawaruhusiwi kuhama kwa uhuru kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine. Januari 2024 timu tano za Alberta zikaifuata, Brooks Bandits ikiwamo. Kwa hiyo kama timu iliyomwita Baraka iko Marekani, tarehe hiyo haimhusu. Siku akitaka kuvuka mpaka kwenda kucheza Kanada, isomeni sheria hiyo upya kabla hajavaa jezi ya mtu.

Kwa upande wangu, kufungiwa si jambo la kukunyima usingizi. Nimefanya kazi ya usajili wa wachezaji kwa muda, na swali ninalomsihi kila mzazi aulize ni hili: mwenye timu akikukosea, utamshitaki kwa nani? Ndani ya USA Hockey, juu ya timu kuna ligi, juu ya ligi kuna chama, na kwa mashauri ya unyanyasaji kuna kituo cha SafeSport, ambacho sheria ya shirikisho ilikipa mamlaka juu ya vyama vya taifa mwaka 2018. Katika ligi huru ngazi hizo huishia kwa ofisi ya ligi, na mara nyingi ofisi hiyo imewekwa na wenye timu wenyewe. Kesi ya nyani, hakimu ngedere. Sisemi watu hao ni wabaya. Nawajua makocha wa ligi huru ambao ningewaachia mwanangu bila wasiwasi. Lakini kocha aliyefungiwa na SafeSport hazuiwi moja kwa moja kufundisha nje ya mfumo huo. Orodha ya waliochukuliwa hatua iko wazi kwenye tovuti ya kituo hicho. Leo usiku kaeni mwandike jina la kocha mkuu, la msaidizi na la mwenye timu. Haichukui dakika kumi.

Halafu bima. Anayesajiliwa USA Hockey huingia kwenye bima ya ajali ya chama, ambayo hujazia pale bima ya familia inapoishia. Ligi huru hununua yake, na ubora hutofautiana sana. Niliwahi kukaa mezani na mama mmoja ambaye kijana wake alivunjika mtulinga wiki ya tatu ya msimu. Timu ilimwambia bima ipo, na kweli ilikuwapo. Tulipofungua ukurasa wa mwisho tukakuta inaanza kulipa baada ya familia kutoa dola 5,000 za kwanza. Ombeni cheti cha bima chenyewe, si maneno ya kwenye simu. Na kama mnatumia MaineCare, bima ya afya ya serikali ya jimbo lenu, wapigieni mapema kuhusu matibabu nje ya jimbo. Dharura kwa kawaida hulipiwa, lakini wiki kadhaa za mazoezi ya viungo baada ya upasuaji ni habari nyingine.

Njia ya chuo haizibwi. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, haiulizi kama ligi ilikuwa chini ya USA Hockey. Inaangalia masomo na hadhi ya mchezaji kama mridhaa. Kilichobadilika ni ushindani. Tangu Agosti 1, 2025, wachezaji wa ligi kuu tatu za vijana za Kanada, ambao zamani walikuwa wakikataliwa, wanaruhusiwa kucheza daraja la kwanza la NCAA. Nafasi hazikuongezeka kwa kiasi hicho, wagombea wakaongezeka. Kwa hiyo timu ikijisifu kwamba "wachezaji wetu 15 wamepata vyuo", omba majina na vyuo, kisha yapange mwenyewe. Vyuo vingi vya daraja la kwanza hutoa ufadhili wa michezo. Daraja la tatu halitoi kabisa ufadhili wa michezo, ingawa chuo kinaweza kusaidia kwa njia nyingine. ACHA ni hoki ya klabu za vyuo, nje ya NCAA, na mara nyingi mchezaji hujilipia. Matangazo mengi huchanganya yote matatu kwenye orodha moja, na mzazi mgeni hawezi kujua.

Kuhusu zile 9,500: usidhani kuwa chini ya USA Hockey kungeifuta ada. USHL, ligi yao ya daraja la juu, haitozi ada ya kucheza, lakini kwenye ligi za daraja la tatu, kama NA3HL, wazazi hulipa pia. Linganisha mkataba na mkataba. Tafuta kifungu cha kurejeshewa fedha. Kikisema ada hairudishwi "kwa sababu yoyote", muulize meneja kwa maandishi: akiumia Oktoba je? Akiachwa Novemba je? Ligi yenyewe ikisimama je? Hilo la mwisho si la kufikirika. WSHL, ligi ya vijana ya magharibi iliyokuwa imehamia AAU, chama kingine cha michezo, tangu 2011, ilisimamisha msimu wake mwaka 2020 na haikurudi.

Omba pia kulipa kwa awamu za kila mwezi badala ya kutoa zote Agosti, na kifungu kinachomruhusu Baraka kuondoka bila timu kumzuia akipata nafasi daraja la juu. Wakikubali hayo mawili kwa maandishi, na majina ya makocha yawe safi, mpelekeni akafanye majaribio. Wakikataa yote mawili, abaki shuleni mwaka huu. Ana miaka 17, na umri wa ligi hizi unafika 20.