Maganda ya machungwa na maji ya batiki

SWALI: Shikamoo mama mkemia. Tupo wanawake watatu, tunatengeneza batiki Mbagala. Maji ya rangi tunayamwaga mtaroni na majirani wameanza kunung'unika. Kijana wangu anasema maganda ya machungwa husafisha maji ya viwandani, na muuza juisi wa hapa kituoni anayatupa kila jioni. Tuyachukue?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kijana hajakosea, ila kazi ya maganda si hii yenu. Ganda la chungwa lina pektini, ile inayogandisha jamu, nayo hunasa metali zilizoyeyuka majini: risasi, shaba, kadimi. Tena huoshwa, hukaushwa na kusagwa kwanza. Mkiyatumbukiza mabichi yataoza, na hapo majirani watakuja na polisi.

Nadhani mnatumia ile rangi ya unga inayoyeyushwa kwa kostiki (soda kali) na haidrosi (unga unaoondoa oksijeni). Haidrosi ikiisha nguvu kwa kukutana na hewa, rangi hurudi kuwa chembe zisizoyeyuka. Ndiyo maana kitambaa hugeuka rangi mkikianika. Basi tumieni hewa, haiuzwi. Acheni pipa wazi, korogeni kwa mti mara kwa mara mchana kutwa, kisha litulie usiku. Rangi nyingi itakaa chini kama tope.

Maji ya juu bado yana kostiki, yanachoma ngozi. Vaeni glavu, tieni siki kidogo kidogo huku mkipima kwa karatasi ya litmasi, ambayo huwa buluu penye kostiki na nyekundu penye asidi. Fanyeni hivyo nje, na kamwe si kabla ya kupiga hewa: asidi ikikuta haidrosi iliyobaki hutoa gesi ya salfa inayokaba koo.

Taka ya kuwafaa ni vifuu vya nazi. Migodi ya dhahabu hutumia mkaa wake kunasa dhahabu iliyoyeyushwa kwa sianidi, maana ukishapitishwa mvuke wa moto mkali, gramu moja huwa na vinyweleo vyenye eneo la zaidi ya mita za mraba 500. Mkaa mtakaochoma wenyewe haufiki huko hata kidogo. Hata hivyo utwangeni, uosheni, uwekeni juu ya mchanga kwenye ndoo iliyotobolewa, kisha pitisheni humo yale maji ya juu. Utapunguza rangi iliyobaki. Maji yakianza kutoka na rangi, badilisheni.

Tope na mkaa uliochoka vikausheni, fungeni kwenye mfuko, vichukuliwe na gari la taka. Msivichomee jikoni. Chumvi yote imebaki majini, kwa hiyo mchicha msiumwagilie.