Anaongea na tembo wa plastiki kutwa nzima

SWALI: Shikamoo anti. Niko Dodoma, nimemnunulia mwanangu wa miaka 4 pakiti ya wanyama wa plastiki pale soko la Majengo, sasa kutwa anaongea nao peke yake, tembo anamgombeza simba, baba yake anasema ni kupoteza muda bora asome. Niwafiche?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiwafiche kabisa! Hapo ndo anasoma, tembo akigomba mtoto anapanga maneno, anajaribu hasira na kuombana msamaha, we mpe na beseni la mchanga awachimbie mto. Ila tafuta wenye sura halisi, sio twiga wa pinki. Angalia tembo: wetu ana masikio mapana na hata jike huwa na pembe, wa Asia masikio madogo. Halafu kwenye hizo pakiti wanapenda kuchanganya chui milia, mwambie tu huyo kwao ni Asia, hata ukienda Ruaha humkuti. Kama kuna mdogo wake chini ya miaka 3, vile vidogo vinavyoenea mdomoni weka juu, vinakaba koo. Na baba akae chini dakika 10 awe kiboko, mtoto atafurahi sana.